Riwaya ya bibi msahaulifu katika Vita vya Kagera: anakimbia vita vipi hasa?

Rweya Kavu (mleta uzi)

Wakuu wa jukwaa la fasihi, salaam. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka apite, nafasi yake nitamtunzia.

Nina mswada wa riwaya umefika nusu. Mhusika mkuu ni bibi wa Kihaya wa miaka sabini na kitu, anayeishi na mwanawe, mkwe na wajukuu watatu kaskazini ya mto Kagera, kati ya Bunazi na Mutukula. Kumbukumbu zimeanza kumtoka. Anaweka chumvi mara mbili, anamwita mjukuu kwa jina la kaka yake aliyekufa zamani, anauliza jambo, anajibiwa, anauliza tena. Pale nyumbani wamezoea. Halafu inafika Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yanavuka mpaka, na tarehe 30 wanaingia kwa nguvu zote hadi ukingo wa mto. Tarehe 1 Novemba Amin anatangaza kwamba eneo lote lile sasa ni la Uganda. Tarehe 2 Mwalimu anasema redioni maneno ambayo kila Mtanzania anayajua: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Tarehe 3 daraja la Kyaka linalipuliwa.

Sasa swali lililonileta hapa. Wazee wasahaulifu ninaowakuta kwenye hadithi zetu ni wa aina mbili. Yuko bibi-nabii, anayeropoka maneno yasiyoeleweka na kumbe mwisho wa kitabu yote yalikuwa kweli. Na yuko bibi-kichekesho, anayevaa gauni nje ndani na kumsalimia mbuzi. Wote wawili wapo kwa faida ya watu wengine. Hakuna anayeuliza yeye mwenyewe wakati huo yuko wapi.

Mimi nasema yuko vitani sawasawa na wenzake, ila vita vyake ni vya 1915.

Hebu tupige hesabu. Mwanamke wa miaka 74 mwaka 1978 amezaliwa 1904 hivi. Akiwa binti wa miaka 11, anaishi kijiji cha jirani na mji wa Bukoba, Waingereza wanavuka ziwa kwa meli kutoka Kisumu na kuushambulia mji uliokuwa mikononi mwa Wajerumani. Ni Juni 1915, tarehe 22 na 23. Walilenga mnara wa simu ya upepo, wakaulipua, wakachoma ngome, na askari wakaruhusiwa kupora mji. Kisha wakapanda meli zao wakaondoka. Mabingwa wa historia wanalitaja tukio hili kwa sababu ya wazungu maarufu waliokuwemo, kina Selous muwinda tembo. Binti wa miaka 11 aliyejificha migombani hatajwi popote.

Anayejua ugonjwa huu anajua kwamba ya jana hutoka kwanza na ya utotoni hubaki hadi mwisho. Kwa hiyo mizinga inapoanza kulia 1978, huyu bibi ana pa kuiweka. Anaijua. Na alichojifunza mwaka 1915 ni kitu kimoja: adui hutokea majini, usalama uko bara.

Mnaona balaa lake? Mwaka 1978 adui anatokea bara, kaskazini, na usalama uko ng'ambo ya maji. Familia nzima inakimbilia mto, na bibi, kwa akili timamu kabisa ya mtu aliyewahi kupona vita, anakataa katakata kusogelea mto.

Hiyo ndiyo injini ya riwaya yangu. Nataka maoni, na msinionee huruma.

Msomaji wa Mbagala

Nimekaa paleee kwenye kona na kahawa. Ila mkuu, bibi mmoja kugoma njiani ndiyo kurasa 300? Mpe basi siri. Amezika kitu cha Mjerumani uani, mjukuu anatafuta, Amin naye anatafuta. Hapo kitabu kinauzika.

Rweya Kavu

Mbagala, ndugu yangu, dhahabu ya Mjerumani imeshazikwa kwenye hadithi za nchi hii hadi ardhi imejaa. Bibi hana siri. Ana hofu ya haki yenye tarehe mbaya.

Nesi Mstaafu

Mwanangu Rweya, nimefanya kazi wodini miaka mingi, wazee wa namna hii nimewahudumia. Umeanza vizuri, lakini nikuongezee mambo ambayo waandishi huyaruka.

Kwanza, mikono husahau mwisho. Mzee asiyejua jina la mwanawe bado anajua kumenya ndizi, kusuka mkeka, kufunga kanga. Na sala. Na nyimbo. Nimemwona mama asiyeweza kusema alikula nini asubuhi akaimba wimbo wa kanisani beti zote.

Pili, jioni. Jua likianza kushuka wengi wao hubadilika: wanahangaika, wanataka kutoka, wanamtafuta mtu. Ukiandika bibi mtulivu saa kumi na mbili jioni na mwenye fujo saa tatu asubuhi, nitajua hujawahi kukaa naye.

Tatu, na hili ndilo la vita hasa: kumhamisha. Mzee huyu nyumbani kwake anajimudu kwa sababu kila kitu kiko mahali pake. Mlango upande ule, jiko pale, mtungi hapa. Vitu ndivyo vinamkumbukia. Mtoe umpeleke mahali pageni usiku, na ndani ya siku chache utadhani ugonjwa umepiga hatua ya miaka. Ongeza kiu na homa ya njiani: maji yakimpungukia mwilini anaanza kuona watu wasiokuwepo, na ndugu wanadhani ndiyo mwisho. Akinywa maji na homa ikatulia, anarudi kidogo. Hakuna muujiza hapo, mwanangu, usije ukaandika muujiza.

Na mwaka 1978 kijijini pale hakuna ambaye angesema dimensia. Wangesema uzee, wangesema amerudi utotoni. Wengine wangesema karogwa, na wabaya zaidi wangesema yeye ndiye mchawi. Hilo la mwisho usiliogope, limeua wakina mama wengi kanda ya ziwa.

Rweya Kavu

Shikamoo mama. Hilo la vitu kumkumbukia nalichukua lilivyo.

Ngoja niwarushie kipande, sura ya pili, asubuhi ya kuondoka:

*Mkwe alikuwa akifunga godoro kwa kamba ya mgomba. Bibi alikuwa mlangoni pa jiko, kisu mkononi, beseni la maji mbele yake, maganda yakidondoka upande wa kushoto na ndizi zikizama upande wa kulia.*

*"Mama, tunaondoka sasa."*

*"Na wageni watakula nini?"*

*Mlio ulipita juu ya paa ukaenda kupasukia mbali. Kuku walitawanyika. Bibi hakuinua kichwa, ila mkono ulisimama.*

*"Wameshashuka kwenye meli?"*

*Mkwe hakujua ni meli gani. Aliangalia barabarani, akamwangalia mumewe aliyekuwa akihesabu watoto kwa mara ya tatu.*

*"Wameshashuka, mama."*

*"Basi mwambie baba tusipite ziwani. Tupite migombani." Akamenya ndizi nyingine.*

Binti Kanyigo

Aisee. Hapo kwenye "wameshashuka, mama" umenigusa, lakini si kwa sababu ya bibi. Kwa sababu ya mkwe.

Mimi ni wa kwetu huko, nimezaliwa vita vimeshaisha, hadithi zote nimezisikia jikoni. Naomba nikuulize: nani anambeba huyu bibi? Nani anamvua akijichafua njiani? Mwanawe? Kwa mila zetu mtoto wa kiume hawezi kumwogesha mama yake. Ni mkwe. Mkwe ana mtoto mgongoni, furushi kichwani, mmoja anamshika sketi, na mama mkwe anayemwita kila saa kwa jina la mtu mwingine, pengine jina la mke mwenza aliyemchukia. Kama kuna riwaya, iko hapo. Bibi anakimbia vita moja, huyu anakimbia viwili.

Halafu umesahau senene. Novemba ndiyo msimu! Watu walikimbia vita senene wakiwa wanaanguka. Bibi wa Kihaya hata awe amesahau jina lake hawezi kuwaona senene kwenye nyasi alfajiri akapita. Atainama. Msafara mzima utasimama kwa sababu bibi anaokota senene.

Rweya Kavu

Senene naingiza leo leo.

Kuhusu mkwe tutabishana. Ukimpa mkwe kitabu kizima, bibi anageuka mzigo. Mzigo hauna mawazo, unabebwa tu. Riwaya za wanaowauguza wazee zipo, na nzuri zipo, lakini zote zinamtazama mgonjwa kutoka nje. Nataka angalau nusu ya sura ziwe ndani ya kichwa cha bibi, ambako mambo yana mantiki. Ndani humo hakuna usahaulifu hata kidogo. Kuna mji wa Bukoba unaowaka, kuna baba anayesema tupite migombani, na kuna mwanamke fulani mgeni, mkarimu lakini mkaidi, ambaye kila saa anataka kumpeleka majini.

Huyo mwanamke mgeni ndiye mkwe.

Binti Kanyigo

Sawa, "mwanamke mgeni mkarimu" imepita. Lakini mpe jina, tafadhali. Katika kipande chako ng'ombe atakuwa na jina kabla ya mkwe.

Mkereketwa

Mleta uzi, vita vile ni fahari ya taifa. Vijana walikufa. Kaboya pale Muleba wamelala mashujaa wetu. Badala ya kuandika ushujaa wa JWTZ unaleta bibi aliyechanganyikiwa. Lengo lako ni nini?

Rweya Kavu

Mkuu, Kaboya nimefika na kofia nimevua. Lakini vita vile havikuua wanajeshi tu. Raia wanaotajwa kuuawa upande wa Kagera ni wapatao 1,500, na makumi ya maelfu waliachwa bila makazi. Ng'ombe waliswagwa kuvushwa mpaka, mabati yakang'olewa, mitambo ya kiwanda cha sukari ikabebwa. Magofu ya kanisa pale Kyaka yako wazi, kila anayepita barabarani anayaona. Bibi wangu hampunguzii mwanajeshi chochote. Yeye ni mmoja wa watu ambao mwanajeshi alitumwa kuwapigania.

Na ushujaa nao upo. Iko sehemu redio ya jirani inasema "nia ya kumpiga tunayo" na bibi anaijibu redio: "Eee, waitu!" kwa heshima zote, kwa sababu kwake sauti ile ni mtu aliyeingia barazani. Kisha anaagiza aletewe kahawa ya kutafuna, mgeni hakaribishwi mikono mitupu.

Msomaji wa Mbagala

Hahaha, Mwalimu anakaribishwa kahawa kupitia redio ya mkulima. Hicho kisiondolewe.

Afande wa Zamani

Nimesoma kimya kimya toka mwanzo. Niliingia na mgambo, kwa hiyo naongea nilichokiona.

Mwandishi, kuna hatari ambayo hujaigusa, na ndiyo kubwa kuliko mto. Lugha. Jeshi lilipanuliwa haraka sana, kutoka chini ya watu 40,000 hadi zaidi ya 100,000, mgambo wakijazwa humo kutoka kila mkoa. Kwenye kizuizi cha barabarani unamkuta kijana wa Songea, wa Tabora, wa Lindi. Kihaya hakijui. Kwa masikio yake Kihaya, Kinyankole na Kiganda ni kitu kimoja. Na tulikuwa tumeambiwa tuwe macho na majasusi, maana mpakani pale ndugu ni wale wale pande zote mbili.

Sasa mlete bibi yako kizuizini. Kiswahili alijifunza ukubwani, si ndiyo? Anaulizwa jina, anajibu kwa lugha ya huko. Anaulizwa anatoka wapi, anasema anatoka Bukoba, wakati amekuja kutoka upande wa Mutukula. Anaulizwa anamkimbia nani, anasema Waingereza. Kijana wa miaka kumi na tisa ana bunduki, hajalala siku mbili. Hapo ndipo pa kuandika.

Nesi Mstaafu

Afande amesema kweli ya kitabibu bila kujua. Anayezungumza lugha mbili akipata ugonjwa huu, mara nyingi ile aliyojifunza baadaye humponyoka mapema, anabaki na ya mama yake. Kiswahili kwa huyu bibi kitakuwa kinakatika kama umeme: leo kipo, jioni hakipo.

Rweya Kavu

Afande, shikamoo. Umenipa sura nzima bure. Nimeanza kuipanga: mkwe ndiye atakayemjibia. Na ili bibi apite, mkwe analazimika kumwambia askari kwa sauti, mbele ya majirani wote, jambo ambalo ukoo umelificha miaka mitatu: "Mama yetu akili zimemtoka." Mume wake anamgeukia kana kwamba amemvua mama nguo. Wanapita. Lakini ndoa hiyo haitakuwa ile tena.

Binti Kanyigo, umeona? Mkwe anazidi kupata nafasi.

Binti Kanyigo

Nimeona. Jina bado.

Msomaji wa Mbagala

Swali la kijinga: wanavukaje sasa, kama bibi hataki maji na daraja limelipuliwa?

Rweya Kavu

Si la kijinga, ndilo linaloninyima usingizi. Nilikuwa na njia tatu. Wambebe kwa nguvu, wamfunge kanga machoni, au wamwache. Ya tatu sikuitaka lakini niliipa nafasi, kwa sababu kila vita duniani vina wazee waliobaki: waliogoma wenyewe, na walioachwa na watu waliowapenda.

Ninayoelekea sasa imetokana na maneno ya mama Nesi kuhusu mikono na nyimbo. Mtumbwi uko ukingoni, ni alfajiri, ukungu. Mkwe haanzi kumshawishi. Hambishii kwamba huu ni 1978, na kwamba Waingereza walishaondoka zamani. Ameshajifunza kwamba kubishana ni kumwongezea hofu. Anaingia kwenye vita vyake. Anamwambia: "Mama, meli zimeondoka. Wamepora wameridhika, wamerudi kwao. Baba anatusubiri ng'ambo."

Na kwa mwaka 1915 ni kweli. Waliondoka.

Nesi Mstaafu

Hapo umeandika kitu ambacho wauguzi wachanga huchukua muda mrefu kukielewa. Usimvute mgonjwa aje ulipo wewe, nenda wewe alipo yeye. Wapo watakaosema mkwe amemdanganya. Waache waseme. Ila uandike pia gharama yake: ng'ambo bibi atamtafuta huyo baba. Atamtafuta kila jioni.

Mkereketwa

Bado nasema wanajeshi wapewe angalau sura moja. Lakini hapo mtumbwini, sawa.

Rweya Kavu

Mama Nesi, gharama hiyo ndiyo sehemu ya tatu ya kitabu. Wako kusini ya mto, wamepokelewa kwa ndugu, nyumba moja familia nne. Jioni bibi anasimama: "Nataka kwenda kwetu." Nyumbani kule alikuwa anasema hivyo hivyo akiwa ndani ya nyumba yake mwenyewe, na walikuwa wanaangaliana kwa aibu. Wagonjwa wa namna hii husema hivyo popote walipo.

Lakini hapa kila mtu anataka kwenda kwao. Mkwe anasema hivyo, watoto wanasema hivyo, jirani aliyeacha ng'ombe arobaini anasema hivyo akilia. Bibi akisema "nataka kwenda kwetu", nyumba nzima inaitikia. Kwa mara ya kwanza tangu augue anasema jambo ambalo hakuna anayemsahihisha.

Wakuu, niliandika ukurasa huo nikaacha kalamu nikaenda kutembea.

Binti Kanyigo

Umeniliza kazini, bosi ananitazama.

Msomaji wa Mbagala

Dah. Nafuta dhahabu ya Mjerumani.

Ila nina ombi: weka saba saba kwenye sura ya kwanza. Ule mlio wa makombora ya mfululizo ndio watu wanaukumbuka. Bibi ausikie pale anapomenya ndizi.

Afande wa Zamani

Hapana. Saba saba ni BM-21 zetu sisi, na jina hilo walilipa Waganda kwa sababu wao ndio walioonja. Hazikuwepo kule Oktoba. Zilikuja baadaye, tulipoanza kurudisha pigo. Asubuhi ya kuondoka bibi anasikia mizinga ya Amin, na pengine ndege. Akitaka kuzisikia saba saba awe ameshavuka, kusini, na azisikie zikitoka nyuma yake kuelekea kaskazini. Zinapiga kelele hata kwa mtu wa upande wako. Wapo raia waliozikimbia wakidhani Amin amevuka mto.

Rweya Kavu

Hii inakaa sehemu ya tatu bila kulazimisha. Nyumba familia nne, saa za jioni za mama Nesi, kisha mlio huo. Wote wanalala chini. Nitafakari bibi atafanya nini.

Nesi Mstaafu

Kabla hujatafakari: mlio wa ghafla humshtua kuliko wenzake, kwa sababu hata akielezwa ni nini, dakika tano baadaye maelezo yamefutika na hofu imebaki. Hofu haisahauliki haraka kama maneno.

Binti Kanyigo

Na safari ya kurudi? Walirudi Januari, wengine baadaye zaidi, wakakuta kuta bila mabati na bila milango. Huyo bibi ambaye vitu ndivyo vilimkumbukia, anarudishwa kwenye nyumba isiyo na kitu hata kimoja. Atajua ni kwake?

Rweya Kavu

Sijaamua. Migomba ilibaki, hilo najua. Kibanja hakibebeki kwenye lori. Kama kuna kitu atakitambua ni migomba, na mikono itatafuta kisu.

Sura ya kizuizini nitaibandika humu Ijumaa jioni ikiwa imekamilika. Afande, nakuomba uisome kwa macho ya yule kijana wa Songea, uniambie kama ungempitisha bibi au ungemweka pembeni.

Binti Kanyigo, mkwe anaitwa Koku.

Binti Kanyigo

Koku. Haya, sasa tuendelee.